Kiti cha Mama Riziki na Gundi Zangu Zote za Nguvu

Sikiliza, wewe uliyeshika randa baada yangu. Iweke chini kidogo, vuta benchi, tuongee kuhusu gundi. Najua unataka nikuambie ipi ndiyo ya nguvu. Kila anayeingia kazi ya samani huniuliza hivyo, na mimi mwenyewe niliuliza hivyo karibu maisha yangu yote ya kazi. Mwaka huu nimefunga karakana yangu hapa mjini Baraka kwa sababu mikono imeanza kutetemeka, na mstari ninaouchora kwa penseli unapinda kama barabara ya kwenda Fizi wakati wa mvua. Kwa hiyo sasa nina nafasi ya kukujibu. Jibu lenyewe nililipata kwa kuchelewa, kwenye kiti cha mama mmoja mzee wa kijiji cha Lweba, Mama Riziki. Kiti kile kisingeshika, angeondolewa nyumbani kwake na kupelekwa Uvira, na Uvira hakutaka. Tutafika kwake. Kwanza nikueleze nilikotoka, usije ukadhani nilizaliwa mjinga. Ujinga wangu niliufanyia kazi.

Siku yangu ya kwanza kwa Fundi Wilondja, aliyenifundisha ufundi, sikupewa msumeno. Nilipewa sufuria. Siku zile gundi, au kole kama tunavyosema kwetu, tulichemsha wenyewe, kwa ngozi za ng'ombe zilizoshuka kutoka milima ya Minembwe zikiwa zimebebwa kichwani. Unakata ngozi vipande vidogo, unailoweka mpaka ilainike, kisha unaichemsha polepole, sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji, moto mdogo, mpaka upate uji mzito wa rangi ya chai. Mimi nilitaka kuonekana hodari, nikawasha moto wa kuchomea matofali. Uji ukaungua, moshi ukajaa mtaa. Fundi Wilondja akaja na kijiti, akachovya, akanusa.

"Asukulu," akasema, "nilikuomba kole, na we umenipikia supu ya viatu."

Jioni ile mbwa wa mtaa mzima walinisindikiza mpaka nyumbani. Watu hawakunisindikiza.

Gundi ile ya ngozi, ukiipika kwa akili, ilikuwa nzuri. Ilivuta kiungo kikakaza, na siku ukitaka kufungua kiti ili ukitengeneze upya, maji ya moto yaliilegeza bila kuvunja mti. Lakini haikupenda unyevu, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Wakati mmoja tulitengeneza benchi la wanakwaya wa kanisa moja ambalo bati lake lilivuja upande wa kushoto. Mvua zikaja, na Jumapili moja akina mama wa sauti ya pili wakashuka sakafuni wote kwa pamoja, katikati ya wimbo, bila kuacha kuimba. Watu wengine walidhani imepangwa hivyo. Siku ile Fundi Wilondja alinifundisha swali la kwanza la kuchagua gundi: usiulize ina nguvu kiasi gani, uliza kitu kitakaa wapi. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa hodari sana wa kutikisa kichwa.

Baadaye nilifungua karakana yangu mwenyewe karibu na soko, na wakati huo gundi za dukani zilikuwa zimefika. Kwetu watu huziita kole zote bila kubagua, na mimi nilizipenda zote vilevile. Ya kwanza ilikuwa gundi nyeupe ya seremala, ile inayofanana na maziwa mazito. Nakwambia bila kusitasita kwamba kwa kiungo kinachobana vizuri, mti kwa mti, ndani ya nyumba kavu, hiyo inatosha. Inaingia kwenye nyuzi za mti, na ikikauka, mara nyingi mti wenyewe utachanika kabla yake. Inachotaka ni kubanwa mpaka ikauke, na isilale kwenye maji. Haiwezi kujaza pengo. Ukiimwaga kwenye kiungo kinachochezacheza, unamnywesha mtu maziwa huku amevunjika mguu.

Halafu ikaja gundi ya matone, ile inayoshika upesi. Nilijishikisha nayo kidole cha shahada na kidole gumba asubuhi moja, nikawapokea wateja siku nzima nikiwa kama mtu anayeonyesha namna ya kutia chumvi kidogo kwenye mchuzi. Inafaa kwa kibanzi kilichomeguka, kwa pambo, kwa ufa mwembamba. Kwa mguu wa kiti haifai, maana ikikauka ni kavu kama kioo, na kiti ni kitu cha kutikiswa. Ya njano ya mafundi viatu nayo ni nzuri kwa ngozi na mpira, na kwa kubandika karatasi ngumu juu ya meza. Hubaki laini siku zote. Na ya mirija miwili, ile unayochanganya nusu kwa nusu, hiyo ndiyo hujaza mapengo na haiogopi maji.

Haya yote niliyajua. Niliyasema mbele ya wateja kwa sauti, nikiwa nimekunja mikono. Jambo moja tu sikuliona: kila nilipopaka gundi yoyote kati ya hizo, nilipigilia na misumari miwili mitatu juu yake, "kwa usalama." Vitu vyangu havikuvunjika. Wateja wakanisifu, na mimi nikaisifu gundi. Msumari haukupata shukrani ya mtu.

Basi ndipo alipokuja Alimasi, mtoto wa Mama Riziki, anayefanya kazi Uvira. Alinichukua kwa pikipiki mpaka Lweba nikaone kiti cha mama yake. Kilikuwa kiti kirefu cha mbao nyekundu tunayoiita libuyu, kilichotengenezwa Kilembwe tangu zamani, chenye mikono mipana, bila msumari hata mmoja. Nyonga za Mama Riziki zilikuwa zimechoka. Kwenye kitanda aliweza kujivuta, lakini kwenye viti vingine vyote vya nyumba akikaa hainuki. Katika hiki aliweza, kwa kusukuma mikono yake miwili juu ya mikono miwili ya kiti. Sasa mkono wa kulia ulikuwa umeng'oka kwenye kiungo chake.

"Fundi, hii njo miguu yangu," Mama Riziki aliniambia, akikipapasa. "Bintu bingine byote ndani ya nyumba unaweza beba."

Alimasi alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. "Papa fundi, mi siko mubaya," alisema. "Lakini majirani banamuinua kila asubuhi kama gunia ya muhogo. Siku moja batakuwa ku mashamba. Nani atamuinua?"

"We unaniita gunia?"

"Mama, nimesema kama."

"Basi ni gunia njo ilikuzaa."

Alimasi akanigeukia mimi, macho yake yamechoka. Alikuwa amekwisha kumwambia mama yake, na akarudia mbele yangu: mwisho wa mwezi atakuja na gari. Akimkuta anainuka mwenyewe, atamwacha kwake. Akimkuta bado anasubiri majirani, wataondoka wote wawili. Mama Riziki aliangalia shamba lake la muhogo nyuma ya nyumba, na kaburi la mume wake pembeni yake. Kisha akaniuliza kama kole ya nguvu iko.

Nilicheka kama mtu aliyeulizwa kama ziwa lina maji.

"Iko, mama. Ya nguvu kabisa."

"Na musumari hapana. Ule fundi wa Kilembwe hakutia hata moja, na mume wangu alikaliaka humu mpaka Mungu alimuita."

Hata angeniruhusu, mti ule pale kwenye kiungo ulikuwa mwembamba, msumari ungeupasua. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, gundi ingefanya kazi peke yake.

Nilikifunga kiti nyuma ya pikipiki, nikakileta Baraka. Kile kipande kinachoingia ndani ya tundu, tunachokiita ulimi, kilikuwa kimeoza ncha. Nikaamua kuchonga kipya. Libuyu kavu hubana msumeno, kwa hiyo nikaupitishia msumeno wangu kitambaa cha mawese, kama Fundi Wilondja alivyokuwa akifanya na kama ninavyofanya mimi miaka yote. Nikakata, ukaingia vizuri kabisa, umebana. Nikapaka gundi nyeupe, nikaufunga kwa vipande virefu vya mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, nikausubiri ukauke. Nikakaa juu ya kiti, nikarukaruka kidogo. Kikashika. Nikakirudisha Lweba nikiwa najiandaa kupokea sifa.

Mama Riziki akakaa, akaweka mikono, akasukuma. Mkono wa kiti ukatoka taratibu, bila hata mlio, ukabaki mkononi mwake. Akanipatia kama mtu anayerudisha kijiko.

"Kole imelala," alisema.

Nililaumu hewa ya ziwa. Nikarudi sokoni kwa Mama Faida, anayeuza misumari, rangi na gundi, nikamwambia anipe ya nguvu kuliko ile. Akaniuliza ni ya kazi gani. Nikamjibu kwa kiburi, "Ya nguvu." Akaniangalia, akanipa ile ya mafundi viatu, maana ndiyo inayotoka sana. Nami nilijua kwamba hubaki laini. Nilikwambia hapo mwanzo kwamba nilijua. Lakini mtu aliyeaibika hanunui kwa kichwa. Nikausafisha ulimi kwa kuupitishia tena msumeno, na msumeno nikaupitishia tena kitambaa, nikapaka gundi ya njano. Safari hii mkono haukutoka. Mama aliposukuma, ulivutika mbele, polepole, kama ubani wa kutafuna mdomoni mwa mtoto, kisha alipoachia ukarudi nyuma kidogo.

"Sasa hii iko hai," Mama Riziki alisema. "Inanisalimia."

Dereva wa pikipiki aliyenipeleka na kunirudisha mara zote hizo naye akapata la kusema. "Papa Asukulu, hii kiti iko na safari mingi kupita muheshimiwa. Tuikatie tikiti?"

Nikafika kwenye mirija miwili. Nilichanganya nusu kwa nusu kwa uangalifu wa mtu anayepima dawa ya mtoto. Nikasawazisha ulimi kwa msumeno uleule, nikapaka, nikafunga, nikaacha ikauke mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Kufika Lweba, Mama akasukuma, kikalia "ka!" Mkono ukatoka mkavu kabisa. Gundi haikuvunjika hata kidogo. Ilibaki nzima ndani ya tundu, inang'aa, imechukua umbo la ulimi wangu kila upande. Nilikuwa nimetengeneza sanamu nzuri sana ya kiungo. Zilikuwa zimebaki siku chache kufika mwisho wa mwezi.

Nilikaa chini uani pake, nikaanza kumweleza kwamba viwanda vya siku hizi vinachakachua gundi. Mama Riziki, ambaye macho yake si ya kuaminika, aliupokea ule mkono wa kiti, akaugeuza, akauleta puani.

"Fundi, ulikula nini?"

"Lini, mama?"

"Ulipotengeneza kiti yangu. Ulikula ugali na samaki juu yake?"

"Hapana, mama! Siwezi kula juu ya kazi."

"Hii inanuka mawese."

"Ni mti, mama. Libuyu iko na harufu yake."

"Mi nimepika na mawese tangu we hujaota meno. Nusa."

Nikanusa. Nikanusa tena, nikitumaini kwamba pua yangu ingenitetea. Ilikuwa mawese. Mafuta mekundu juu ya mti mwekundu, yasiyoonekana kwa jicho, yamepakwa na msumeno wangu kila mahali nilipotaka gundi ishike. Nilikuwa nimeuandaa mti ule kama mtu anavyoandaa kikaango ili chakula kisigande. Halafu nikashangaa kwamba hakigandi, nikanunua chakula kikali zaidi.

Pale pale nikamkumbuka Fundi Wilondja, na nikakumbuka mpaka mwisho, si nusu. Alipaka msumeno mawese, ndiyo. Alikata. Kisha, kabla ya gundi, alichukua patasi akakwangua kiungo kizima mpaka mti ukageuka rangi. Miaka yote nilidhani ni usafi tu, maana alikuwa mtu wa kupiga pasi hata kitambaa cha jasho. Nilichukua kwake kitambaa cha mawese, nikamwachia patasi. Na misumari ikanifichia siri mpaka uzeeni.

Nilimweleza Mama Riziki yote, maana alikuwa ananingoja kwa pua. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka.

"Itashika?"

"Sijui, mama," nikamjibu. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli tangu nianze kazi ile. "Acha patasi ifanye kazi, nitakuambia."

Sikukirudisha kiti Baraka. Nilifanyia kazi pale uani, ili asimamie mwenyewe. Nikakwangua ulimi kwa patasi, pande zote, mpaka nikaona mti mpya, halafu nikamalizia na kigae cha chupa iliyovunjika. Nikalichimba tundu, nikatoa ile sanamu yangu yote ya gundi, pamoja na ngozi nyembamba ya mti chini yake. Nikapangusa kwa dawa ya kuyeyushia rangi, kitambaa safi, kisha kingine safi. Nikanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, Mama akiniambia nirudie kwenye kucha. Halafu nikadondosha tone la maji juu ya ulimi. Likasimama duara, linang'aa, kama umande juu ya jani la jimbi. Maana yake mafuta bado yamo. Nikakwangua tena, nikapangusa tena. Tone la pili likatambaa nusu. La tatu mti ukalinywa, pakabaki doa jeusi tu.

Mama akauliza nimefanya nini. Nikamwelekeza kidole chake kwenye doa. "Mti umekunywa," nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo nikachagua gundi, na sasa kuchagua kulikuwa rahisi, maana kiungo chenyewe kiliniambia. Kwa kukwangua kote kule, ulimi ulikuwa umepungua na unachezacheza ndani ya tundu. Kama ungekuwa umebana, ningerudi kwenye ile nyeupe, na isingekuwa na kosa lolote. Kwa kuwa palikuwa na pengo, nikatumia mirija miwili. Nilingoja kwanza ulimi ukauke maji kabisa, nikachanganya, nikatia humo unga laini wa mbao uliotoka kwenye mti mkavu usio na mafuta, nikapaka ndani ya tundu na juu ya ulimi, pande zote mbili, si upande mmoja. Nikafunga kwa mpira, nikazungusha kijiti kukaza, nikatazama kama mkono umenyooka sawa na mwenzake, nikafuta kilichovuja. Kidogo kilichobaki nilikipaka juu ya kibanzi, nikakiweka kando ya kiti. Siku iliyofuata nilikijaribu kibanzi kwa ukucha, si kiti. Ukucha bado uliingia kidogo, hewa ilikuwa nzito. Nikaacha mpaka kesho yake, ukucha ukateleza.

Alimasi alifika na gari kabla sijafungua mipira. Nikaifungua mbele yake. Mama Riziki akaingia kitini kwa msaada wa jirani, akatulia. Alimasi akasimama mbele yake.

"Mama, simama basi."

"Nimekaa sasa hivi. Unanikimbiza wapi? Muke yako muzima? Batoto?"

"Bazima, mama."

"Na mudogo anasoma?"

"Anasoma. Mama, simama."

Yeye akaanza kuuliza habari za bei ya samaki Uvira. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Nilikuwa tayari na maelezo kuhusu hewa nzito, na mengine kuhusu viwanda. Ndipo mbuzi wa jirani akaingia uani, akaweka mdomo kwenye muhogo wa Mama uliokuwa unaanikwa juu ya turubai.

"We!" alipiga kelele Mama Riziki, akasukuma mikono miwili ya kiti, akasimama, akaenda na fimbo yake kumfukuza.

Kiti hakikusema neno. Alimasi alikuwa amenyoosha mkono wake kumsaidia, ukabaki hewani, hauna mtu. Alitazama kiti, akamtazama mama yake akimtukana mbuzi kule nyuma ya nyumba, kisha akaenda kwenye gari akatoa godoro alilokuwa amemwandalia kwa ajili ya safari, akaliingiza ndani ya nyumba ya Lweba.

Basi, kabla hujanunua gundi ya nguvu zaidi, fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Kwangua kiungo mpaka uone mti mpya, kisha dondosha juu yake tone moja la maji. Likisimama, kwangua tena. Likinywewa, acha pakauke, ndipo ufungue gundi.